Mfiwa Husemewa

Hapo si zamani sana, katika nchi ambayo si yako wala si yangu, waliishi watu wastaarabu kupita kiasi. Nchi yenyewe iliitwa Tulizo. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na ukikuta humu mtu anayefanana na mtu unayemjua, basi sema duniani wawili wawili, uendelee kusoma.

Serikali ya Tulizo haikuwa na haraka na jambo lolote la walio hai. Daraja likibomoka, liliundiwa kamati. Kamati ikichoka, iliundiwa kamati nyingine ya kuipumzisha. Lakini mtu akifa, hapo ndipo ungeiona serikali. Kabla maiti haijapoa, turubai limeshafungwa, viti vimeshapangwa, sufuria la pilau limeshapanda mekoni, na mtu wa halmashauri ameshafika na shati jeusi na karatasi ya rambirambi mkononi. Kuna mgonjwa mmoja alilingoja gari la wagonjwa tangu asubuhi, adhuhuri akakata roho likiwa bado halijawashwa. Gari la maiti, lo, lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni pake tangu alipoanza kuugua. Majirani walisifu sana. Walisema kweli tuna serikali inayotufikiria.

Katika mji wa Bomachanga, mtu aliyestahili sifa hizo kuliko wote alikuwa Mheshimiwa Nasibu Mkwachu, diwani wa kata ya Chanikani na mwenyekiti wa Kamati ya Rambirambi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nzito isiyokuwa na pupa. Alijua namna ya kuvua kofia, namna ya kumshika mfiwa begani bila kumlemea, na mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wapenge kamasi. Akisha hayo husoma: kwa niaba ya Mstahiki Meya, kwa niaba ya waheshimiwa madiwani, na kwa niaba yangu mwenyewe, tumeupokea msiba huu kwa mshtuko mkubwa, na tuko pamoja nanyi. Mabibi wa Bomachanga walikuwa wakiusia kabisa, wangali na nguvu zao, kwamba mie nikifa asije mwingine, aje Nasibu. Na nikuambie mapema, asije mtu akamsingizia: Nasibu hakuwa mnafiki. Alikuwa akilia kweli.

Ni yeye pia aliyeiletea halmashauri Kanuni ya Mfiwa. Ilianza na mama mmoja ambaye mumewe alitumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko mbele ya soko kuu, akafa. Mama yule akaja kikaoni na kanga zake za msiba, akauliza mfuniko uko wapi. Akauliza tena. Madiwani wakatazama viatu vyao, chai ikapoa, Meya akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa na ugonjwa. Nasibu alimwonea mama yule huruma mpaka kifua kikamuuma. Akasimama akasema kwamba kwa mila zetu mfiwa hukalishwa chini. Hapiki, hafagii, hahangaiki na wageni, wapo wa kumfanyia. Iweje basi sisi tumwache mwenzetu ateseke kwa kusema? Akapendekeza kwamba tangu siku ile mfiwa yeyote asisumbuliwe kusema barazani mpaka arobaini yake ipite, na kama ana neno, asemewe na mjumbe. Walipiga makofi, wengine wakifuta machozi. Mama akapewa glasi ya maji, akatolewa nje kwa upole mkubwa, akasemewa kwamba anashukuru. Mtaro ule mpaka leo hauna mfuniko, lakini mama yule hajasumbuliwa tena.

*

Basi ukaja mwaka vikaingia mjini vijiti.

Vijiti vilikuwa sigara za betri. Havina majivu wala kiberiti. Unavuta, unatoa moshi, na moshi unanukia. Hapo kwenye kunukia ndipo utundu wote ulipokuwa. Kulikuwa na vya embe, vya nanasi, vya ubuyu, vya zabibu, na vya maandazi ya iliki kwa wale waliotoka nyumbani bila kunywa chai. Umbo lake kama kalamu, rangi zake kama za sikukuu. Kampuni iliyovileta iliitwa Pumzi Njema, nayo ilikuwa na moyo wa kutoa, maana haikupita muda ikajitolea kuipaka rangi wodi ya kifua katika hospitali ya mji.

Kibanda kilichouza zaidi kilikuwa ubavuni mwa geti la Sekondari ya Chanikani. Vijiti vilining'inizwa pale kati ya madaftari na peremende. Afisa Elimu alipokuja kukagua shule alifurahi kuona kila mwanafunzi ana kalamu, wengine mbilimbili, akaandika katika ripoti yake kwamba vifaa vya kujifunzia vimeongezeka.

Nasibu naye alikuwa na mtoto katika shule ile. Alikuwa binti mmoja tu, Mwajabu, aliyezaliwa baada ya mkewe, Bi Hidaya, kukata tamaa. Mtoto mwembamba, mwepesi wa kucheka, bingwa wa hesabu. Siku moja Nasibu aliingia ndani akasikia chumba cha binti yake kinanukia embe. Kesho yake embe tena. Akafurahi. Akamwambia mkewe kwamba watoto wa siku hizi hawapendi matunda, lakini huyu wetu ana adabu ya tumbo, kamfuata bibi yake.

Bi Hidaya akaacha kuchambua mchele, akamtazama. Akamuuliza embe gani mwezi huu, miembe yenyewe hata maua haijatoa. Nasibu akasema labda ni ya kutoka nchi jirani. Jambo likaisha hivyo, maana katika Tulizo mtu akishapata jibu la upole haendelei kuuliza.

Kikohozi kilipoanza walisema vumbi. Mwajabu alipoacha kumaliza chakula walisema mitihani. Kisha Ijumaa moja akiwa anafua akaangukia beseni, midomo imegeuka rangi, na hewa anaivuta lakini haimfikii. Hapo ndipo kijiti kilipodondoka mfukoni mwake. Bi Hidaya alikiokota, akakinusa, akakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

Mwajabu akalazwa katika wodi ya kifua. Rangi ilikuwa nzuri sana, kijani cha majani mabichi. Daktari, kijana asiyelala, akawaita wazazi kando akawaeleza bila kuzungukazunguka kwamba mapafu ya mtoto yameungua kwa moshi ule. Atapona akiacha. Akirudia, hata mara chache, yeye daktari hatakuwa na la kufanya. Nasibu akasema ahsante. Akashtuka kuona ameshavua kofia.

Mwajabu alipopata nafuu ya kuzungumza alimngoja mama yake atoke kwenda kuchukua uji. Akamgeukia baba yake.

"Baba, nikirudi shule nitapita pale kibandani."

Nasibu akamwambia asipite pale.

"Geti ni moja, baba." Akapumzika kuvuta pumzi. "Nimejaribu kuacha, Mungu anajua. Nikipita nikasikia ile harufu, mkono unakwenda wenyewe. Kitoeni pale. Wewe si diwani?"

Nasibu alitazama ukuta wa kijani. Miaka yote aliwaahidi watu kwamba yuko pamoja nao. Kwamba ataondoa kitu mahali kilipo, hilo hakuwahi kumwahidi mtu. Akasema: "Nitakitoa."

Binti akatabasamu akalala. Aliliamini neno la baba yake moja kwa moja, kama watoto wanavyoamini.

*

Nasibu akapeleka hoja: vijiti vyote vyenye ladha vipigwe marufuku mjini Bomachanga, na kijiti cha aina yoyote kisiuzwe karibu na shule. Mstahiki Meya Kilindo aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akaitazama kwa muda. Ilikuwa muda mrefu hajaona hoja inayohusu watu walio hai. Akaagiza itendewe haki zote, yaani ijadiliwe.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Bwana Kasanda wa kampuni ya Pumzi Njema alipewa kiti cha mbele, kwa sababu ndiye aliyeleta viti. Alileta na chai, sambusa na maji ya chupa. Mkono mtupu haulambwi, na waheshimiwa wa Bomachanga walikuwa watu wa kushukuru.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mheshimiwa Matimbwa wa kata ya Miembeni. Alikuwa mnene wa mwili na wa maneno. Alisema yeye ni mzazi, tena babu, na hoja anaiunga mkono kwa asilimia mia moja, isipokuwa mahali padogo tu.

"Leo tunapiga marufuku ladha ya embe," akasema, "kesho tutalipiga marufuku embe lenyewe. Nitarudi Miembeni na uso gani?"

Akaeleza jinsi baba yake alivyopanda miembe, na baba wa baba yake. Sauti ikamkatika. Madiwani wakaguswa, ladha ya embe ikaondolewa kwenye marufuku.

Hapo mlango ukawa umefunguka. Diwani wa kata ya mananasi akauliza kwa unyenyekevu nanasi limekosa nini. Nanasi likatolewa. Bibi mmoja akasema ubuyu si ladha, ni urithi wa taifa, akaomba waheshimiwa wasimame kidogo kwa heshima ya ubuyu, wakasimama. Kikundi cha akina mama wauza maandazi kikatetewa kwa machozi. Zabibu hazilimwi Bomachanga hata shina moja, lakini diwani mmoja alikuwa na shangazi aliyeolewa huko zinakolimwa, na shangazi ni mtu mzito, huwezi kumpitisha juu juu. Zabibu zikatolewa.

Mwisho wakabaki na ladha moja tu mezani, ile ya tumbaku yenyewe. Meya akauliza kama kuna mheshimiwa ambaye kata yake inalima tumbaku. Wakatazamana. Hakuna. Akauliza kama kuna mwenye shangazi. Hakuna.

"Basi," akasema Meya, na uso wake ukaonyesha faraja ya mtu aliyepata ufumbuzi, "hiyo ndiyo yenye madhara."

Ikaja sehemu ya pili, ya ukaribu wa shule. Mwanasheria wa halmashauri akasimama na miwani yake akaomba mwongozo. Alitaka kujua kama kibanda ndicho kilicho karibu na shule, au shule ndiyo iliyo karibu na kibanda, maana sheria haiwezi kumwadhibu asiyesogea. Nasibu akasema shule ilikuwepo tangu enzi za babu zetu na kibanda ni cha juzi. Mwanasheria akajibu kwamba hilo linajulikana mitaani, lakini halijathibitishwa barazani. Ikaundwa kamati ndogo ya kuchunguza nani alimsogelea mwenzake.

Nasibu alikaa pale akiona hoja yake inanyonyolewa kama kuku, kila mtu na unyoya wake. Lakini hakukata tamaa, na alikuwa na sababu. Kwa taratibu za baraza lile, mleta hoja ndiye anayefunga mjadala. Akisimama kuhitimisha anaweza kuomba kila kilichoondolewa kirudishwe, na baada yake hakuna mwingine anayeruhusiwa kusema; zinapigwa kura. Tena wakati wa chai madiwani kadhaa walimvuta kando mmoja mmoja. Walimnong'oneza kwamba hata wao wana watoto, hata wao wamesikia harufu za ajabu majumbani. Wewe hitimisha, Nasibu, walimwambia, sema kwa uchungu, sisi mikono yetu iko na wewe. Ila usitutaje.

Kumbe mambo yote yalikuwa yanangoja maneno yake. Akalala na maneno hayo, akaamka nayo. Safari hii hayakuwa ya kumliwaza mtu.

*

Kikao cha kuhitimisha hakikufanyika siku iliyopangwa. Meya aliona ni vizuri waheshimiwa wakajifunze kwanza kuhusu moshi, wakapelekwa ziara ya mafunzo katika mji mmoja wa kando ya ziwa ambako hakuna moshi, ili wapate kulinganisha. Pumzi Njema ikagharimia. Nasibu hakwenda. Alisema ana mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa anapona. Rangi ilimrudia, kicheko kikaanza kumtoka kidogokidogo. Mwalimu mkuu akaleta ujumbe kwamba mitihani imekaribia na asiyekuwepo atarudia mwaka. Mwajabu akataka kurudi. Bi Hidaya hakutaka. Alisema mwaka si kitu, miaka ipo, kwanza kitoke kile kibanda. Nasibu akasema kitatoka, ni suala la kikao kimoja tu, na wakati huo yeye mwenyewe atamvusha mtoto.

Na kweli alimvusha. Kila asubuhi diwani mzima wa Chanikani alionekana anatembea na binti yake wa sekondari kwa kushikana mikono, kama anampeleka chekechea. Wakikaribia kibanda Mwajabu aliubana mkono wa baba yake kwa nguvu na kutazama chini, na Nasibu alimsimulia jambo lolote lililomjia kichwani, kwa sauti ya juu, mpaka wameingia getini. Wanafunzi walicheka. Mwajabu aliona haya, lakini mkono hakuuachia. Nasibu baadaye alikuja kuona kwamba zile ndizo zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote maishani mwake.

Kisha akafa mama wa mtu mmoja mkubwa.

Mtu mwenyewe alikuwa mkubwa kweli, wa makao makuu, na mama yake alifia shamba, mbali na mji. Meya akatuma gari alfajiri. Msiba kama huu, alisema, haumfai msomaji mwingine. Nasibu akasita mlangoni. Akamweleza dereva kwamba ana mtoto wa kuvusha. Dereva akatazama saa yake.

Mwajabu ndiye aliyemwambia aende. "Nenda, baba. Watu wamefiwa. Mimi nitapita macho nimefumba."

Akaenda. Msiba wa wakubwa hauishi kwa siku moja. Kuna kuzika, kuna khitma, kuna mgeni wa heshima aliyechelewa ikabidi rambirambi isomwe upya. Alisoma vizuri kuliko wakati wowote. Mtu mkubwa alimshika mkono kwa mikono miwili akamwambia hatamsahau.

Aliporudi Bomachanga, gari likakata kona ya mtaa wake, na jambo la kwanza aliloliona ni turubai. Limefungwa vizuri, kamba zimekazwa, viti vimepangwa mistari iliyonyooka. Akaisifu moyoni kamati yake kwa wepesi. Akamuuliza dereva nani amefiwa mtaani petu. Dereva akazima gari, akaweka kichwa juu ya usukani.

*

Mwajabu alikuwa amefumba macho siku ya kwanza, akapita. Siku ya pili hakuweza. Hakuna aliyejua alivuta mara ngapi, na mimi sitakudanganya kwamba najua. Alifia katika wodi ile ya kijani. Mama yake alikuwa amemshika, na yule daktari kijana amesimama ukutani, mikono imelegea.

Mazishi yalikuwa ya kupigiwa mfano. Hakuna mtu aliyekosa kiti wala sahani. Pumzi Njema ikaleta maji ya chupa, kila chupa na utepe mweusi. Nasibu akakalishwa kwenye jamvi mahali pa mfiwa, mahali ambapo maishani mwake alipatazama akiwa amesimama tu. Mheshimiwa Matimbwa akavua kofia, akafungua karatasi. Karatasi ilikuwa ile ile ya Nasibu, aliyoitunga mwenyewe kwa miaka, na jina la Mwajabu limejazwa kwa kalamu mahali palipoachwa wazi. Kwa niaba ya Mstahiki Meya. Kwa mshtuko mkubwa. Tuko pamoja nanyi. Matimbwa alinyamaza mahali pa kunyamazia, watu wakapenga kamasi.

Nasibu alisikiliza. Yalikuwa maneno mazuri, yamepangika, na hayakumgusa mahali popote. Akafikiria nyumba zote ambamo aliwahi kuyasoma, akaona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atake kujifunika shuka gubigubi.

Kikao cha kuhitimisha kiliitishwa arobaini haijafika. Bi Hidaya alimvalisha mumewe shati mwenyewe, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Akamwambia jambo moja tu, kwamba hawezi tena kumrudisha mtoto wake, lakini kile kibanda lazima kitoke, maana kila asubuhi anawaona watoto wa wenzake wanapita dirishani kuelekea huko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Nasibu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Maneno alikuwa nayo yote. Alikuwa ameyakariri njia nzima.

Alipoingia ukumbini baraza zima likasimama. Meya akamshika begani bila kumlemea. Mjadala ukafikia pale pa mleta hoja, Nasibu akanyoosha mkono, akainuka.

Meya akamtazama kwa huruma. "Kaa, ndugu yangu," akasema. "Mfiwa hasemi."

Nasibu akasema hoja ni yake. Akasema mtoto ni wake. Katibu akaweka kalamu chini, akaeleza kwa upole kwamba maneno ya mfiwa hayaandikwi, kwa faida ya mfiwa mwenyewe, na kanuni hii, kama Mheshimiwa anavyokumbuka, ilipita kwa makofi. Nasibu alikumbuka. Alimkumbuka na yule mama wa mtaro, na kanga zake zilivyokuwa.

Akasimama Matimbwa kumsemea. Alisema mfiwa anashukuru. Anawashukuru wote, na kwa namna ya pekee Bwana Kasanda kwa maji. Mfiwa asingependa kuona baraza linagawanyika kwa sababu ya msiba wake. Mfiwa anaomba sheria ipite kama ilivyorekebishwa, ya kuzuia ladha ya tumbaku, na kibanda kiachwe hadi kamati ndogo itakapokamilisha uchunguzi. Na kwa kumuenzi marehemu, sheria hiyo iitwe Sheria ya Mwajabu.

Nasibu alikuwa anatikisa kichwa. Alikitikisa kwa nguvu, huku na huku, mpaka kofia ikaanguka.

"Mnaona wenyewe," akasema Matimbwa, na machozi yakamtoka, "anavyotikisa kichwa kwa uchungu."

Wakapiga kura. Wale waliomnong'oneza wakati wa chai walinyoosha mikono wakilia kuliko wengine wote, maana walikuwa wamemwahidi kwamba mikono yao iko naye, na sasa ameshasemewa analotaka. Hakuna aliyepinga. Sheria ikishapita Bomachanga haiguswi mpaka uchaguzi mwingine. Kwa hiyo hata arobaini ikiisha na mfiwa akarudishiwa sauti yake, hakuna tena kikao cha kuijadili sheria hiyo. Madiwani wawili wakamshika huku na huku wakamsindikiza mpaka mlangoni, wakamwambia ajikaze.

*

Bi Hidaya alikuwa amekaa kitandani kwa Mwajabu, mlango wazi. Alisikia hatua za mumewe, hakugeuka.

"Umewaambia?"

"Nimesemewa," akajibu Nasibu.

"Na kibanda?"

"Kipo."

Bi Hidaya akalisawazisha shuka la mtoto kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nasibu akaja akakaa karibu naye, akamwekea mkono begani. Alitaka kumwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuachia ule mkono wa mtoto asubuhi ile alipoondoka. Alitaka kumwambia anaumia mpaka kwenye mifupa. Akafungua kinywa.

"Kwa niaba ya," akasema, akakwama.

Bi Hidaya akageuka akamtazama. Nasibu akajaribu tena, jasho linamtoka, akatafuta neno lingine na lingine, na kila alilolishika lilikuwa limeshasomwa. "Tumeupokea msiba huu," akasema. Akaziba kinywa kwa kiganja.

"Nasibu," mkewe akasema. "Ni mimi. Usiseme kitu. Mwite tu mtoto wetu."

Akamwita. Sauti ilitoka imepasuka, si ile nzito ambayo mji mzima uliijua. Akamwita tena, kama alivyokuwa akimwita aje ale, tena na tena, na Bi Hidaya akashika kichwa cha mumewe akakilaza mapajani pake. Wakakaa hivyo mpaka kukapambazuka. Kengele ya shule ikalia, na watoto wa Chanikani wakaanza kupita dirishani.